Kutafuta rekodi za kesi mahakamani Uganda: anza na namba

Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi mjini Jinja, karibu na mahakama. Nimekulia Walukuba, mtaa uliojaa watu wa kila kabila waliofuata kazi za viwandani, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyogombania nayo zamu ya maji. Kwa hiyo mtu akifika mahakamani hana Lusoga wala Kiingereza cha kutosha, askari wa getini humwelekeza kwangu. Wengi wao hawatafuti wakili. Wanatafuta karatasi: hukumu ya kiwanja cha marehemu baba, hati ya usimamizi wa mirathi, amri ya kurudishiwa pesa za dhamana, au ushahidi kwamba kesi waliyoambiwa imekwisha imekwisha kweli. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua ardhi na anataka kujua kwanza kama inagombaniwa.

Ukiwa na namba sahihi ya kesi na jina la mahakama, kazi iliyobaki ni ndogo. Ukikosa hivyo viwili utazungushwa tangu asubuhi mpaka dirisha lifungwe, na wala si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Karani ana makabati yaliyofurika mafaili. Hawezi kukisia lako ni lipi.

Haki yako na mipaka yake

Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inataka kesi isikilizwe hadharani, ingawa mahakama inaweza kuwatoa watu ukumbini kwa sababu za maadili au usalama wa taifa. Ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 ikaifafanua haki hiyo, lakini ikaziacha nje kumbukumbu za mwenendo wa kesi ambayo haijaisha.

Kwa hiyo, kama kesi bado inaendelea na wewe si mdai, si mdaiwa, wala si wakili wao, usitegemee kukabidhiwa faili ulisome. Njoo siku ya kesi ukae ukumbini usikilize; hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Kesi ikishaamuliwa, andika barua uombe. Mambo ya watoto ni tofauti kabisa: husikilizwa faragha na jina la mtoto halitangazwi. Usitoke mbali na nauli ya kukopa ukidhani utapewa faili la mtoto wa jirani.

Namba, namba, namba

Mzee mmoja wa Masese alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi imechanika kwenye mikunjo.

"Mama, namba ninayo," akasema.

Nikaitazama. Imeanza na herufi SD, kisha namba, kisha tarehe.

"Mzee wangu, hii ni ya kitabu cha kituo cha polisi, siku ulipokwenda kushtaki. Hapo mahakamani ulisomewa namba gani?"

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Siyo hiyo hiyo, na hili ndilo linalowapotezea watu muda kuliko jambo lolote. Polisi wana namba zao mbili. Ya SD ni ya kitabu cha matukio ya kila siku. Ya CRB hutolewa faili la upelelezi linapofunguliwa. Zote mbili hazimsaidii karani wa mahakama kufungua kabati. Namba ya mahakama hutolewa mashtaka yanaposajiliwa kwake, na mara nyingi utaiona juu ya hati ya mashtaka, pamoja na ile ya CRB. Kwa hiyo kama huna kitu kingine, rudi kituoni na CRB yako, uliza faili lilipelekwa mahakama ipi na lilisajiliwa kwa namba gani huko.

Namba ya mahakama ina sehemu tatu ambazo lazima ziwepo zote: aina ya kesi, namba yenyewe, na mwaka. Ukisema "kesi namba 84" hujasema kitu, kwa sababu kila mwaka huanza kuhesabiwa upya, na kesi za madai, za jinai, za mirathi na maombi madogo kila moja ina mfululizo wake. Katika Mahakama Kuu mara nyingi utakutana na namba ndefu inayoanza na HCT. Usiiogope. Baada ya HCT inakuja namba ya kanda: 00 ni Kampala, 01 Fort Portal, 02 Gulu, 03 ni sisi Jinja, 04 Mbale, 05 Mbarara, 06 Masaka. Kisha herufi za tawi: CV ni madai, CR ni jinai, LD ni ardhi, CC ni ile ya biashara. Kisha aina ya shauri: CS ni kesi ya madai, CA ni rufaa ya madai, MA ni ombi dogo lililofunguliwa ndani ya kesi au pembeni yake, SC ni kesi ya jinai ya kikao cha Mahakama Kuu. Mwishoni namba na mwaka. Mtu akikuletea karatasi yenye HCT-03 halafu akakuambia kesi iko Mbale, mwulize vizuri.

Namba hubadilika faili linaposafiri. Kesi ya mauaji huanzia kwa hakimu, kisha mshtakiwa hupelekwa Mahakama Kuu, na huko anapewa namba mpya. Rufaa nayo ina namba yake. Andika zote kwenye karatasi moja, kwa mpangilio, kwa sababu makarani wa juu watakuuliza ya chini na wa chini watakuuliza ya juu.

Kama namba huna kabisa

Hapo unatafuta kwa jina, na jina ndilo lenye mitego. Karani huandika alivyosikia. Khadija anaweza kuwa Hadija au Hadijah. Muhammad anaweza kuwa Mohamed, Mohammed au Muhamadi. Abdallah nimemkuta ameandikwa Abudallah. Baadhi ya watu hutanguliza jina la ukoo na wengine jina la Kiislamu au la ubatizo. Kabla hujaenda masjala, kaa na watu wa familia mwandike kila namna jina hilo limewahi kuandikwa: kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha shule, kwenye hati ya kiwanja, kwenye mkataba wa mauziano. Andika pia jina la upande wa pili, maana kesi ya madai husajiliwa kwa majina ya wote wawili na pengine la mwenzio ndilo lililoandikwa vizuri. Kesi ya jinai imeandikwa Uganda dhidi ya mshtakiwa. Jina lako wewe uliyeibiwa au kupigwa halimo kwenye kichwa cha kesi, kwa hiyo tafuta la mshtakiwa.

Pili, jua mahakama. Kesi ya madai ya kiasi kisichozidi shilingi milioni 20 inaweza kuwa kwa hakimu wa daraja la kwanza. Isiyozidi milioni 50, kwa hakimu mkuu. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Hiyo inakupa pa kuanzia. Ugomvi ulioishia kwa LC, yaani baraza la kijiji au la mtaa, hautaukuta masjala hata ukitafuta mwaka mzima, isipokuwa mtu alikata rufaa. Mahakama za LC zina vitabu vyao. Mwone mwenyekiti na katibu wake. Vilevile karatasi ya talaka iliyotolewa na kadhi wa wilaya iulize ofisini kwa kadhi.

Tatu, jua mwaka, hata kwa kukisia. Masjala ina vitabu vya rejista, na kesi zimeandikwa humo kwa mwaka. Ukimwambia karani "ni kati ya 2014 na 2016, madai, jina ni hili au hili", umempa kitu cha kufanyia kazi. Ukimwambia "zamani kidogo", atakuambia uje kesho, na kesho atakuambia hivyo hivyo.

Yanayopatikana kwenye simu

Anza na ulii.org. Ni tovuti ya sheria na hukumu za Uganda, ni bure, na hukumu unaisoma bila kufungua akaunti. Utakuta humo hukumu za Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Katiba na Mahakama Kuu. Kesi za mahakimu, ambazo ndizo nyingi za watu wetu, kwa kawaida hazimo. Na hata za Mahakama Kuu si zote, kwa hiyo kukosa kesi kwenye ULII si ushahidi kwamba haipo. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakiambiwa na mwuzaji wa kiwanja, "tafuta mwenyewe mtandaoni, hakuna kesi," nao wakatoa pesa.

Ukitafuta humo, tafuta kwa ardhi na si kwa jina peke yake. Ardhi ya Buganda yenye hati hutajwa kwa namba ya bloku na ya ploti. Ya kukodi hutajwa kwa herufi LRV na namba ya folio. Weka namba hizo kama zilivyo kwenye hati. Watu hubadilisha tahajia ya majina yao lakini ploti haibadilishi namba kwa ujanja wa mtu. Kama ni kibanja kisicho na hati, jaribu jina la kijiji na jina la mwenyewe wa zamani.

Juu ya hukumu utaona mwaka ndani ya mabano ya mraba, herufi kama UGSC, UGCA au UGHC, na namba. Hiyo ni anwani ya hukumu kwenye maktaba ya sheria. Namba ya kesi imeandikwa chini yake, na hiyo ndiyo ya kumpelekea karani.

Tovuti ya Idara ya Mahakama, judiciary.go.ug, huweka orodha za kesi zinazosikilizwa, na orodha hizo hubandikwa pia kwenye mbao za matangazo za mahakama. Tazama tarehe ya orodha kabla hujafunga safari. Kuna pia mfumo wa kompyuta uitwao ECCMIS, ulioanza kazi Machi 2022 katika mahakama chache na kuendelea kuenezwa. Mawakili na wenye kesi hufungua akaunti humo, huwasilisha karatasi na kufuata hatua za kesi yao. Kama wakili wako amekuambia faili "liko kwenye mfumo", mwombe akuonyeshe kwenye skrini hatua ya mwisho na tarehe inayofuata. Ni haki yako kuona, kesi ni yako. Faili la zamani bado ni la karatasi, na la karatasi huombwa kwa barua.

Barua

Kuomba kwa mdomo hakuachi alama. Karani aliyekuahidi leo akihamishwa mwezi ujao, unaanza upya. Andika.

Mahakama Kuu andika kwa Naibu Msajili wa kanda hiyo; mahakama ya chini andika kwa Hakimu Mkuu. Kazi za mahakama huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mpe mtu akuchapie kwa Kiingereza, lakini yaliyomo uyajue kwa lugha yako kabla hujatia sahihi. Mimi huwasomea wateja wangu hivi:

"Kuhusu kesi ya madai namba fulani ya mwaka fulani, kati ya fulani na fulani. Mimi, mwenye kitambulisho cha taifa namba hii, ni mtoto wa mdai aliyefariki. Naomba kuruhusiwa kulikagua faili la kesi hiyo na kupewa nakala zilizothibitishwa za hukumu na za amri ya mwisho. Niko tayari kulipa ada inayotakiwa. Simu yangu ni hii."

Basi. Usisimulie ugomvi wote tangu babu. Sema wewe ni nani kwa kesi hiyo, unataka karatasi gani, na utapatikana wapi. Kama wewe ni mnunuzi wa ardhi, sema hivyo hivyo bila kuficha. Taja karatasi kwa majina: hukumu, amri, mwenendo wa kesi, hati ya mirathi. Ukiandika "naomba faili lote" utalipia kurasa nyingi usizozihitaji.

Chapa nakala mbili. Moja inabaki mahakamani. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbele ya macho yako, na hiyo unaondoka nayo. Mtu akikuambia muhuri hauhitajiki, mwambie kwa upole kwamba utasubiri.

Kwa anayetaka kukata rufaa, muhuri huo unaweza kuokoa kesi nzima. Rufaa ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 30, na sheria inasema muda ambao mahakama yenyewe imetumia kuandaa nakala za amri na mwenendo wa kesi hauhesabiwi. Lakini utaonyeshaje kwamba uliomba? Kwa barua yenye muhuri. Rufaa ya jinai ina siku 14 tu za kutoa taarifa. Anayetoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa hutoa taarifa ndani ya siku 14, na huomba mwenendo wa kesi kwa barua ndani ya siku 30, huku upande wa pili ukipewa nakala ya barua hiyo. Hapo tafuta wakili, usitegemee mchapaji.

Kulipa na kupokea

Ada za mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Unakadiriwa, unapewa namba, unakwenda kulipa benki au kwa simu, unarudi na risiti. Hakuna ada inayolipwa mkononi mwa mtu chini ya mwembe. Karibu na mahakama nyingi utawakuta vijana waliovaa vizuri wanaojua majina ya mahakimu wote na wanaosema faili "wanalitoa leo leo". Mama mmoja aliwapa pesa za mbegu za msimu akaletewa kopi ya hukumu isiyo na muhuri. Nilipoisoma ilikuwa ya kesi ya watu wengine wenye jina linalofanana. Sikuwa na la kumfariji. Tulianza upya na barua.

Kopi unayoichapa kutoka mtandaoni au uliyopiga picha kwa simu inatosha kusoma, haitoshi kutumia. Ofisi ya ardhi na benki watataka nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama na sahihi ya ofisa.

Faili likikosekana

Usikubali neno "halionekani" kama jibu la mwisho. Omba kwanza rejista ya mwaka huo itazamwe. Kama kesi imeandikwa humo, basi ilikuwepo, na mara nyingi rejista huonyesha ilipokwenda. Uliza kama kulikuwa na rufaa, maana faili la chini huitwa juu. Uliza kama hakimu aliyeisikiliza alihamishwa kabla ya kuandika hukumu. Andika barua ya pili ukitaja ya kwanza kwa tarehe yake. Likipotea kabisa, mahakama inaweza kuruhusu faili lijengwe upya kutokana na nakala zilizo kwa wahusika na mawakili wao, kwa hiyo kila karatasi uliyonayo nyumbani, hata iliyoliwa na mchwa pembeni, ilete. Ukiona unachezewa, Idara ya Mahakama ina wakaguzi wanaopokea malalamiko, na barua zako zenye mihuri ndizo zitakazozungumza.

Kusoma ulichopewa

Watu wengi hupokea hukumu, huikumbatia, na huenda nyumbani wakisema wameshinda. Mtafute anayesoma Kiingereza vizuri, asikupe muhtasari. Akusomee kurasa za mwisho mstari kwa mstari, polepole. Hapo ndipo zilipo amri: ardhi ni ya nani, nani alipe nani, riba, gharama za kesi, na nani aondoke lini. Kisha arudi mwanzo aangalie jina la mahakama, namba na majina.

Angalia kesi iliishaje. Kesi iliyofutwa kwa sababu mdai hakuhudhuria haijaamua ardhi ni ya nani, na mdai anaweza kuomba irudishwe. Kesi iliyoondolewa na mdai mwenyewe vivyo hivyo haikumpa mtu ushindi. Kesi iliyomalizwa kwa makubaliano ina masharti. Tafuta kama yalitekelezwa. Na baada ya hukumu uliza masjala kama kuna rufaa au ombi lolote la MA lililofunguliwa nyuma yake, kwa sababu amri ya kusimamisha utekelezaji huishi kwenye faili hilo dogo na si kwenye lile kubwa ulilosoma.

Kwa hati za mirathi angalia tarehe kwa makini. Mabadiliko ya Sheria ya Urithi ya 2022 yaliipa hati ya usimamizi muda wa miaka 2, ingawa mahakama inaweza kuuongeza. Mtu anayekuuzia kiwanja cha marehemu kwa hati ya siku nyingi, mwombe na karatasi ya kuongezewa muda, kisha peleka namba zote mbili masjala ziangaliwe kwenye rejista kabla hujahesabu pesa.

Na ukiwa bado dirishani, hesabu kurasa. Zilingane na namba za chini, muhuri na sahihi viwepo, jina lako na namba ya kesi kwenye risiti ziwe sawa na zilizo kwenye hukumu. Kilichokosewa mwambie karani hapo hapo, kwa kuwa faili bado liko juu ya meza yake.